Stenlesi kwenye joto kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu modeli za mkazo na mnyumbuko

Maswali haya hurudi kila mara kutoka kwa wanafunzi wa uhandisi na wachambuzi wa miundo waliozoea chuma cha kawaida cha ujenzi, kisha wakakutana na stenlesi. Maneno mawili yatatumika sana. Mkazo ni nguvu inayobebwa na kila milimita ya mraba ya chuma, kwa MPa. Mnyumbuko ni kiasi ambacho chuma kimerefuka ukikigawa kwa urefu wake wa mwanzo. Halijoto zote ni za Selsiasi.

Kwa nini nisichukue nguvu ya chuma kikiwa baridi na kuipunguza tu kadiri joto linavyopanda?

Kwa sababu joto halipunguzi kitu kimoja. Ukakamavu unashuka kwa mwendo wake, mkazo wa 0.2% (kiwango kinachoelezwa katika swali linalofuata) kwa mwendo mwingine, na kilele cha mkazo, yaani mkazo mkubwa kabisa ambao chuma kinaubeba, nacho kina njia yake. Chukua 1.4301, ambayo wengi wanaijua kwa jina la 304. Jedwali la Kiambatisho C cha EN 1993-1-2 (kanuni ya Ulaya ya kubuni miundo ya chuma dhidi ya moto), toleo la 2005, linaonyesha kwamba kwenye nyuzi 600 moduli ya Young, yaani kipimo cha ukakamavu, imebaki 0.76 ya ile ya chuma baridi, mkazo wa 0.2% umebaki 0.49, na kilele 0.58. Ukifika nyuzi 800 nambari ni 0.63, 0.27 na 0.27.

Ukizidisha grafu nzima kwa kipunguzi kimoja, umejitungia chuma ambacho hakipo duniani. Na kosa lake halina upande mmoja. Nguzo nyembamba hupinda kwa kukosa ukakamavu, boriti nene huzidiwa na mkazo, kiungo cha bolti huponea kwenye uwezo wa chuma kurefuka kabla ya kukatika. Kipunguzi kilekile kitakufanya uwe mwoga kupita kiasi kwenye kimoja na mzembe kwenye kingine. Ndiyo maana tunatafuta modeli ya mstari mzima, kutoka sifuri hadi kilele, kwa kila halijoto.

Mbona grafu ya stenlesi haina kona pale chuma kinaposalimu amri?

Chuma cha kaboni kikiwa baridi hupanda moja kwa moja, kikafika mahali kikasalimu amri, grafu ikalala. Stenlesi haifanyi hivyo. Inaanza kujipinda mapema, taratibu, na huwezi kuweka kidole ukasema ni hapa. Kwa hiyo wahandisi walikubaliana kiwango cha kubuni: mkazo unaoacha mnyumbuko wa kudumu wa 0.2% baada ya mzigo kuondolewa. Ni makubaliano tu. Hakuna kinachotokea ndani ya chuma kwenye 0.2% ambacho hakikuwa kimeanza kwenye 0.1%, na ukilisahau hilo utashangaa kwa nini sampuli yako haikurudi kwenye urefu wake ingawa "hukufika" kwenye kiwango cha kusalimu amri.

Cha kuchekesha ni kwamba kwenye moto hata chuma cha kaboni hupoteza kona yake. Kwa hiyo aliyezoea stenlesi anafika kwenye hesabu za moto akiwa tayari na fikra sahihi.

Fomula ya Ramberg na Osgood inasema nini hasa?

Walter Ramberg na William Osgood waliitoa mwaka 1943 kwa ajili ya metali za ndege, na H. N. Hill akaiweka kwenye sura ya 0.2% mwaka 1944. Inasema mnyumbuko una mafungu mawili: linalorudi na lisilorudi.

ε = σ/E + 0.002 (σ/σ0.2)^n

Hapa ε ni mnyumbuko, σ ni mkazo, E ni moduli na σ0.2 ni mkazo wa 0.2%. Fungu la kwanza ni la moduli. Fungu la pili linaanza likiwa dogo sana, kisha n inaamua litaamka kwa ghafla kiasi gani. n kubwa hutoa grafu yenye kona kali. n ndogo hutoa grafu ya mviringo.

Tuijaribu kwa nambari. Tuseme 1.4301 ya bamba lililoviringishwa baridi, lenye mkazo wa 0.2% wa 230 MPa, kilele cha 540 MPa na moduli ya 200,000 MPa. Kwenye nyuzi 600 tunapata moduli ya 152,000, mkazo wa 0.2% wa 112.7 na kilele cha 313.2. Chukua n = 6, kisha weka mzigo wa 100 MPa. Fungu linalorudi ni 100/152,000, yaani 0.066%. Fungu lisilorudi ni 0.002 mara 0.887 iliyopandishwa kwa 6, yaani 0.098%. Jumla ni 0.164%.

Itazame tena hiyo nambari ya pili. Bado hatujafika kwenye mkazo wa 0.2%, lakini sehemu isiyorudi imeshaizidi ile inayorudi. Mtu aliyeweka mstari ulionyooka hadi 112.7 anahesabu chini ya nusu ya mnyumbuko halisi.

n inapatikanaje, na kwa nini yangu inarukaruka kutoka sampuli hadi sampuli?

Njia ya kawaida ni kuchukua nukta mbili, mkazo wa 0.01% na ule wa 0.2%:

n = ln 20 / ln(σ0.2/σ0.01)

Juu ya karatasi ni rahisi. Kwenye tanuri ni balaa. Katika mfano wetu, n = 6 maana yake mkazo wa 0.01% ni kama 68.4 MPa. Ukiusoma kama 64, n inakuwa 5.3. Ukiusoma 72, n inapanda hadi 6.7. Tofauti ya MPa 4 tu kila upande, kwenye nukta ambayo mnyumbuko wake wa kudumu ni sehemu moja ya elfu kumi, ndani ya tanuri ambamo ekstensomita, kifaa cha kupima urefukaji, inashika sampuli kwa vijiti virefu vya kauri. Si ajabu inarukaruka.

Ushauri wangu ni kutotegemea nukta mbili. Chukua data yote kati ya asilimia 20 hivi na 100 ya mkazo wa 0.2% na uilainishe kwa njia ya miraba midogo kabisa (least squares). Na kabla ya hapo hakikisha moduli yako. Moduli iliyosomwa vibaya inahamisha fungu lote la pili, halafu lawama inabebwa na n.

Kwa nini watu wanatumia fomula mbili zilizounganishwa badala ya moja?

Kwa sababu fomula ya kwanza, ikishavuka 0.2%, hukosea vibaya. Haijui chuma kina kilele, na kwa n inayofaa mwanzo wa grafu hutabiri mkazo mkubwa mno mbele. Mirambell na Real mwaka 2000 waliunganisha kipande cha pili kinachoanzia pale pale kwenye 0.2% na kuelekea kileleni, Rasmussen akakirahisisha mwaka 2003. Sharti la kiungo ni kwamba mteremko wa vipande vyote viwili ulingane, na mteremko huo ni:

E0.2 = E / (1 + 0.002 n E/σ0.2)

Kwa mfano wetu inatoka 8,850 MPa hivi, yaani chini ya asilimia 6 ya moduli ya mwanzo kwenye halijoto hiyohiyo.

Kwa ajili ya moto kuna tofauti moja inayofaa kuijua. Gardner na wenzake mwaka 2010 walipendekeza kipande cha pili kipitishwe kwenye mkazo wa mnyumbuko wa 2% badala ya kulenga kilele. Ninaupenda uamuzi huo. Hesabu za moto huruhusu miundo ilegee hadi karibu hapo, na kilele ambacho hutakifikia hakina haja ya kutawala umbo la grafu unayoitumia. Kiambatisho C kinatoa mkazo huo kwa njia fupi: kwa 1.4301 kwenye nyuzi 600, unachukua mkazo wa 0.2% na kuongeza 0.22 ya pengo lililopo hadi kileleni. Hapa ni 112.7 + 44.1, sawa na 156.8 MPa.

Mbona nguvu inaporomoka mapema, kisha inatulia?

Swali zuri kuliko yote kwenye ukurasa huu. Angalia mkazo wa 0.2% wa 1.4301: 1.00 kwenye nyuzi 20, 0.82 kwenye 100, 0.68 kwenye 200. Halafu 0.64, 0.60, 0.54 hadi nyuzi 500. Asilimia 70 hivi ya hasara hiyo imetokea kabla chuma hakijafika joto la oveni ya kuokea mkate.

Mna mambo matatu ndani yake. La kwanza, atomi za kaboni na nitrojeni zilizojipenyeza kati ya atomi kubwa za chuma huzuia tabaka za fuwele zisiteleze. Ni vizuizi vidogo, na mtikisiko wa atomi unaoletwa na joto la wastani unatosha kusaidia tabaka kuviruka. Nguvu iliyotokana navyo inakwenda na maji mapema.

La pili linahusu kilele. Stenlesi ya osteniti kama 304 (osteniti ni mpangilio mmojawapo wa fuwele za chuma) ikivutwa baridi, sehemu yake hugeuka kuwa martensiti, mpangilio mwingine, kadiri inavyorefuka. Martensiti ni ngumu, kwa hiyo kila sehemu inayoanza kukonda inajiimarisha yenyewe na kusukumia urefukaji kwa jirani zake. Huu ndio mchezo unaoipa 304 urefukaji wake mkubwa na kilele kilicho mbali sana na mkazo wa 0.2%. Lakini mageuzi hayo yanataka ubaridi. Joto likipanda kidogo tu osteniti inakuwa tulivu, na ukivuka nyuzi 100 na ushei kwa kawaida huyaoni tena. Kilele kinashuka hadi 0.87 kwenye nyuzi 100 na 0.77 kwenye 200, na grafu yenyewe inafupika. Anayedhani joto siku zote huongeza urefukaji hupigwa na butwaa hapa.

La tatu ndilo linaloleta utulivu. Kati ya nyuzi 300 na 600 hivi, atomi zilizoyeyuka ndani ya chuma zimepata kasi ya kutosha kuzifukuza zile dosari za fuwele zinazobeba mteleko na kuzishika tena kila zinaposimama. Joto linalegeza kwa mkono mmoja, atomi hizo zinakaza kwa mkono mwingine. Baada ya nyuzi 600 mkono wa kwanza unashinda, na hakuna tena kinachozuia mporomoko.

Kwa modeli, maana yake ni moja: usiunganishe nyuzi 20 na 600 kwa mstari ulionyooka.

Grafu yangu ya nyuzi 500 ina meno kama msumeno. Mashine imeharibika?

Huenda haina tatizo lolote. Hayo ni matokeo ya ule ufukuzano wa atomi na dosari uliotajwa hapo juu, na yanaitwa kwa majina ya Portevin na Le Chatelier, walioyaeleza mwaka 1923. Pitisha mstari laini katikati ya meno kwa ajili ya modeli, ila hifadhi data ghafi.

Jaribio la halijoto thabiti au la halijoto inayopanda: lipi ni sahihi?

Yote mawili, lakini hayajibu swali moja.

Katika la kwanza unapasha sampuli hadi, tuseme, nyuzi 600, unasubiri itulie, kisha unaivuta hadi ikatike. Grafu inatoka moja kwa moja. ISO 6892-2, kiwango cha kimataifa cha kuvuta metali kwenye joto, inapendekeza mwendo wa mnyumbuko wa 0.00007 kwa sekunde mwanzoni, na kwa mwendo huo unafika kwenye mkazo wa 0.2% ndani ya sekunde 40 hivi. Katika la pili unatundika mzigo usiobadilika, kisha unapandisha joto, mara nyingi nyuzi 10 kwa dakika, na kusoma urefu. Kila sampuli inakupa nukta moja tu kwa kila halijoto, kwa hiyo unahitaji sampuli nyingi zenye mizigo tofauti ndipo ushone grafu.

La pili linafanana zaidi na jengo linaloungua: mzigo upo tayari, joto ndilo linalokuja. Pia linakipa chuma dakika nyingi za kulegea, hivyo kwenye halijoto za juu matokeo yake mara nyingi huwa chini ya yale ya jaribio la kwanza. EN 1993-1-2 inazihesabu tabia za chuma ilizozitoa kuwa halali kwa upashaji wa kati ya nyuzi 2 na 50 kwa dakika. Ukikuta modeli mbili zinazogombana kwenye nyuzi 700, kabla hujamlaumu yeyote uliza kila moja ilitokana na jaribio gani.

Upanuzi unaotokana na joto uingie kwenye grafu ya mkazo na mnyumbuko?

Hapana. Unatolewa kwanza, na programu ya kuchambua muundo inaurudisha kivyake. Hapa ndipo nilipowahi kupoteza wiki nzima, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Fomula ya EN 1993-1-2 kwa stenlesi inatoa upanuzi wa 1.07% kutoka nyuzi 20 hadi 600. Upau wa mita 3 unarefuka milimita 32 bila mtu kuuvuta. Sasa fikiria sampuli ya jaribio la halijoto inayopanda inayosomeka 1.20% kwenye nyuzi 600. Ukitoa 1.07% unabaki na 0.13%, na hiyo ndogo ndiyo unayoitafuta. Unatoa nambari kubwa kutoka kwa nambari kubwa.

Kwenye halijoto hiyo kila nyuzi moja ya ziada inaongeza upanuzi wa 0.002%. Kipimajoto kilichogusana vibaya na sampuli kikakosea kwa nyuzi 5, umepata kosa la 0.01%. Yaani sawasawa na ile 0.01% yote uliyokuwa unaitafutia n. Mimi nilikuwa na seti nzima ya n zisizoeleweka, nikabadilisha fomula mara tatu, kumbe waya wa kipimajoto ulikuwa umeinuka kidogo kutoka kwenye sampuli.

Tiba ni kupasha angalau sampuli moja isiyo na mzigo kwenye tanuri lilelile, kwa mwendo uleule wa joto, na kutumia upanuzi wake badala ya ule wa kitabuni.

Mtambao uko wapi kwenye modeli hizi?

Mtambao, ile hali ya chuma kuendelea kurefuka chini ya mzigo usiobadilika, umefichwa ndani ya data, hasa ya jaribio la halijoto inayopanda. Kwa moto wa saa moja au mbili unaopanda kwa mwendo wa kawaida, hilo linatosha. Kwa mabomba ya mtambo yanayokaa kwenye nyuzi 600 kwa miaka, halitoshi hata kidogo. Huko grafu ya mkazo na mnyumbuko bila muda haina maana.

Kipimo cha Larson na Miller cha mwaka 1952 kinaonyesha ukubwa wa jambo. Kinachukua halijoto ya Kelvini na kuizidisha kwa 20 jumlisha logi ya saa. Mzigo unaoikata sampuli baada ya saa 100,000 kwenye nyuzi 600, yaani miaka 11 na zaidi, kwa kipimo hicho utaikata ndani ya saa 1 kwenye nyuzi 818 hivi. Nyuzi mia mbili na kidogo zimekula miaka kumi na moja.

Naweza kutumia nambari za 304 kwa stenlesi nyingine?

Usifanye hivyo. Stenlesi za feriti na za dupleksi zina fuwele tofauti, na zikikaa karibu na nyuzi 475 huwa na tabia ya kukakamaa na kuvunjika kirahisi. Stenlesi iliyoongezwa nguvu kwa kukunjwa au kuviringishwa baridi ni kesi nyingine tena: nguvu hiyo ya ziada ni ya kuazima, na joto kali huidai irudishwe.

Johnson-Cook na Zener-Hollomon vinahusiana vipi na haya?

Ni ndugu wa mbali. Modeli za Ramberg na Osgood zinahudumia miundo inayobeba mzigo, ambako mnyumbuko wa 2% tayari ni mkubwa. Johnson-Cook ya mwaka 1983 ilitengenezwa kwa ajili ya migongano na milipuko, na siku hizi hutumika sana kwenye kukereza chuma. Ina vizidishi vitatu: cha mnyumbuko, cha mwendo na cha joto. Udhaifu wake ni huohuo, kwamba inavitenganisha vitu ambavyo ndani ya chuma vimeshikana.

Kigezo cha Zener na Hollomon cha mwaka 1944 kinaunganisha mwendo na joto kwenye nambari moja, na ndicho kinachotawala kwenye kufua na kuviringisha chuma cha moto, kati ya nyuzi 900 na 1200 hivi. Huko chembe za stenlesi huzaliwa upya wakati bado inakandamizwa, na mkazo unaweza kupanda, kufika kilele, kisha kushuka wakati mnyumbuko unaendelea. Ramberg na Osgood hawana namna ya kuchora mteremko wa kushuka.

Niingize nini kwenye programu ya elementi finiti?

Mkazo halisi na mnyumbuko halisi wa kudumu, si zile za maabara zilizogawanywa kwa vipimo vya mwanzo. Mkazo halisi ni mkazo wa maabara mara (1 + ε). Mnyumbuko halisi ni ln(1 + ε), na kutoka kwake unaondoa fungu linalorudi ili ubaki na ule wa kudumu. Kwa mfano, 300 MPa kwenye mnyumbuko wa 20% kwa nyuzi 600 inakuwa 360 MPa kwenye mnyumbuko wa kudumu wa 0.180. Chini ya 2% tofauti ni ndogo kiasi cha kupuuzwa, lakini tabia ya kuipuuza humfuata mtu hadi kwenye 20%.

Tumia orodha ileile ya minyumbuko kwa kila halijoto, na nukta nyingi karibu na mwanzo ambako grafu inajipinda. Usianzie nukta ya kwanza ya mnyumbuko wa kudumu kwenye mkazo wa 0.2%, ianzie chini, karibu na 0.01%, la sivyo ile nusu ya mnyumbuko tuliyoihesabu juu inapotea kimyakimya.

Je, kwenye moto stenlesi inakishinda chuma cha kaboni?

Kwa ukakamavu, kwa mbali. Kwenye nyuzi 800 moduli ya 1.4301 imebaki 0.63 na ya chuma cha kaboni 0.09. Kwa nguvu kuna mtego. Kwenye nyuzi 600 jedwali linakuonyesha 0.49 kwa stenlesi na 0.47 kwa chuma cha kaboni, ukadhani ni sare. Lakini ile ya stenlesi ni ya 0.2%, na ile ya chuma cha kaboni ni ya mnyumbuko wa 2%. Ukiipima stenlesi kwa 2% hiyohiyo, 156.8 juu ya 230 ni 0.68.

Upande wa pili wa shilingi ni upanuzi. Stenlesi ya osteniti hupanuka kuliko chuma cha kaboni, na ikibanwa ncha zote mbili upanuzi huo unageuka kuwa mzigo.

Jedwali linasema nguvu ni sifuri kwenye nyuzi 1200. Stenlesi inayeyuka hapo?

Hapana, 304 huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 1400. Sifuri hiyo ni mahali jedwali lilipofungwa. Programu nyingi haziipokei: weka nambari ndogo sana isiyo sifuri, kama si hivyo hesabu itakatika katikati ya usiku.